Damu Ikizidi

Tangu niambiwe kwamba nina polisaithemia vera, kazi iliyonichosha kuliko sindano na vidonge ni kuwaeleza ndugu na majirani hapa Ngamiani kwamba mtu anaweza kuugua kwa kuwa na damu nyingi. Tanga kila ukoo unamjua aliyepungukiwa damu, iwe kwa malaria, uzazi au selimundu, na kila nyumba ina ushauri wake wa maini na matembele. Dada yangu mkubwa aliponiletea vidonge vya kuongeza madini ya chuma nami nikavikataa, alidhani ninadeka.

Kinachotokea ni kwamba uboho wangu hutengeneza chembe nyekundu hata pale mwili usipozihitaji, na damu iliyojaa chembe huwa nzito kama tui la kwanza, hivyo huweza kuganda ndani ya mishipa na kuleta kiharusi. Chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo JAK2, lililogunduliwa mwaka 2005 na ambalo huonekana kwa takribani asilimia 95 ya wagonjwa. Badiliko hilo humpata mtu akiwa ameshazaliwa, wala kwa kawaida halirithiwi. Binti yangu alikuwa mjamzito wakati huo, na sidhani kama daktari alijua alinipunguzia mzigo gani kwa sentensi ile moja.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiwashwa mwili mzima kila nilipotoka kuoga, bila upele wowote, na katika mji wa joto na unyevu kama huu, ambako watu huoga zaidi ya mara moja kwa siku, hilo si jambo dogo. Tulishuku sabuni, tukashuku maji ya kisima, na wapo walioshuku mambo ambayo sitayaandika hapa. Kumbe kuwashwa baada ya kuoga ni mojawapo ya dalili zinazojulikana za ugonjwa huu, ila picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zake, ndiyo iliyofanya nitumwe Dar es Salaam kwa vipimo zaidi.

Tiba yenyewe ni kutolewa damu, mara nyingi karibu nusu lita kwa mkupuo, pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Lengo ni hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu, ibaki chini ya asilimia 45. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa waliodhibitiwa chini ya kiwango hicho walipatwa na kuganda kwa damu mara chache kuliko walioachwa kati ya 45 na 50. Jirani mmoja, mtu mwema sana, alinishauri niokoe nauli na kupigwa chuku hapahapa mtaani. Nilimjibu kwamba chuku haina kipimo cha kuonyesha nimefika wapi.

Jambo ambalo sijalizoea ni kuona mfuko wangu ukitupwa, ilhali ndugu za wagonjwa wengine wanahangaika kutafuta wachangiaji. Damu yangu haipewi mtu, kwa sababu ugonjwa huu umo katika jamii ya saratani za damu. Baadaye niliongezewa haidroksiyurea, dawa inayopunguza utengenezaji wa chembe za damu, na kwa kuwa wagonjwa wengi wa selimundu huitumia, mtaa mzima sasa unaamini nina selimundu. Siku nyingine huwaacha waamini hivyo, maana maelezo nayo huchosha.

Ramadhani ilileta mjadala wake. Daktari alinikataza kufunga, kwani mwili ukikaukiwa maji damu huzidi uzito, na imamu wetu akasema nitoe fidia kwa kumlisha maskini mmoja kwa kila siku niliyokula. Dada yangu bado hugeuza uso akiniona ninakunywa maji adhuhuri, lakini mchele wa fidia huupima yeye mwenyewe, kwa madai kwamba mimi ni mkono wa birika.