Faili moja tu, mistari 15

Wiki tatu nimevutana na msaidizi wa AI anayeniandikia msimbo. Kwenye mradi wetu fedha tunazitunza kwa senti, namba nzima. Yeye kila asubuhi ananiletea desimali! Kumbe kila kikao kipya anaanza hajui lolote tulilokubaliana jana.

Juzi nikaandika AGENTS.md, faili la maelekezo ambalo msaidizi wangu hulisoma kikao kinapoanza, nikaliweka kwenye folda kuu ya mradi. "Fedha ni senti, fuata mfano wa malipo.py." "Endesha pytest kabla hujasema umemaliza." (Pytest ni programu ya kujaribu kama msimbo unafanya kazi.) Nilikuwa nimeandika pia "andika msimbo safi", nikaifuta, maana haimwelekezi popote. Kumwonyesha faili la mfano ndiko kulikosaidia hasa.

Leo kaleta kazi ambayo sikugusa hata mstari mmoja. Nimefurahi mno, jamani.