Nilivyozielewa nyimbo za roki za Waingereza, na kamusi nikaiacha kabatini

Ukiwa mwimbaji wa bendi za hoteli huku Pwani, Diani mpaka Malindi, kuna nyimbo utaziimba utake usitake. Wageni wakishapata vinywaji viwili vitatu wanaanza kudai za kwao: Beatles, Queen, The Police. Mimi nilizishika zote kwa sikio, na sauti ninayo, hilo hata mahasidi wangu wanakubali. Shida ni kwamba nilikuwa naimba kama kasuku. Mgeni anacheka pale ambapo mimi nimefumba macho kwa huzuni.

Nikaomba ushauri. Ushauri niliopewa, jamani! Kiongozi wa bendi akasema nyimbo za Wazungu hazina maana, wewe imba tu, pesa si inaingia? Mwalimu mmoja wa Kiingereza, rafiki yake ami, akaniambia nichukue kamusi nifasiri mstari kwa mstari. Na mpiga besi wetu, mtu mwenye jibu la kila kitu, akaapa kwamba nyimbo zote za miaka ya sitini ni habari za dawa za kulevya. "Neno usiloelewa, jua ni bangi. Ukizidi kutoelewa, ni unga."

La kamusi nililifuata kwa moyo wote. Nilinunua daftari, nikanunua kamusi ya mitumba pale mjini kwa bei ambayo sitaki mke wangu aisome hapa, nikaanza na "I Am the Walrus" ya Beatles, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imenishinda zaidi. Nikafasiri. Ikatoka habari ya mtu aliyekaa juu ya punje za nafaka akingoja gari, watu wa mayai, na mnyama wa baharini mwenye pembe. Nikamsomea mwalimu. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia labda ni siasa. Usiku baada ya usiku nikawa nachora mishale kwenye daftari: yai ni ulimwengu, gari ni mauti, mnyama ni serikali. Nilikuwa karibu kuandika tafsiri yenye sura na vifungu.

Halafu, katika kuperuzi, nikakuta kisa chenyewe. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Quarry Bank, shule aliyosoma John Lennon wa Beatles huko Liverpool, alimwandikia kwamba mwalimu wao anawafundisha kuchambua maneno ya nyimbo za Beatles. Lennon akacheka, akakaa chini akatunga wimbo wa kuwatia kiwewe watu wa namna hiyo. Mnyama kamtoa kwenye shairi la watoto la Lewis Carroll, na baadaye akaja kutambua kwamba katika shairi lile yule mnyama ndiye mlaghai. Mwishoni mwa wimbo zile sauti za watu wakinena si siri yoyote: BBC walikuwa wanarusha mchezo wa King Lear redioni usiku ule wa kuchanganya sauti, wakaunasa moja kwa moja. Basi mwalimu wetu na mimi tulikuwa tumenasa kwenye mtego uliotegwa kabla sijazaliwa, na ukatuweza barabara. Siku hizi nikiuimba wimbo huo nauimba kwa kejeli, na unapendeza kuliko mwanzo.

Aliyenionyesha njia ni mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Mama ni mtu wa taarabu tangu ujana. Wimbo mpya ukitoka haulizi una maana gani. Anauliza: "Kaimbiwa nani? Na kimetokea nini?" Kisha anakwenda kwa jirani, anarudi na kisa kizima, mwenye mume na aliyemchukua mume. Nikasema, kumbe! Nikaacha kutafuta siri, nikaanza kutafuta kisa. Mtunzi alikuwa na nini mbele ya macho yake wiki ile? Gazeti? Deni? Ugomvi na mkewe?

Jaribio la kwanza lilikuwa "A Day in the Life" ya mwaka 1967. Mle mna mashimo elfu nne ya Blackburn, Lancashire. Mpiga besi alishanieleza kwamba ni mashimo ya sindano mkononi mwa mtu wa unga. Nenda kwa kisa: tarehe 17 Januari 1967 gazeti la Daily Mail lilikuwa na habari fupi kwamba barabara za mji wa Blackburn zina mashimo 4,000. Mashimo ya barabara! Mtu wa Mombasa ahitaji kamusi kwa hilo? Lennon alikuwa na gazeti mbele yake tu. Ila nimtendee haki mpiga besi: mstari mwingine wa wimbo huohuo ndio uliowafanya BBC waupige marufuku kwa kushuku dawa za kulevya, na hapo BBC hawakuwa wamebuni.

Lakini wimbo ninaoringa nao ni "Taxman", wa kwanza kwenye albamu ya Beatles ya Revolver ya 1966. George Harrison, mwenzake Lennon, anaimba kwa sauti ya mtoza kodi: moja yako, kumi na tisa zangu. Nimewaona wageni vijana, Waingereza wenyewe, wanaitikia mstari huo bila kujua ni kumi na tisa za nini. Mimi nilijua kwa sababu ya ami. Alikuwa karani enzi zile, na bado anakumbuka bajeti ya Kenya ikisomwa kwa pauni, pauni moja shilingi ishirini. Hesabu hiyo tuliirithi kwa Mwingereza: shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilikuwa ishirini kwa pauni, sawasawa na ya kwao. Sasa piga hesabu. Katika kila pauni unabaki na shilingi moja, serikali inachukua kumi na tisa. Asilimia 95! Nikahakikisha na mstari unaofuata, ambapo mtoza kodi anamuuliza mtu kama anaiona asilimia tano ni ndogo. Moja katika ishirini, hiyo hapo, wimbo unajithibitisha wenyewe. Waingereza waliziacha shilingi zao mwaka 1971 walipogeuza pauni iwe peni mia, kwa hiyo wajukuu zao wamepotelewa na hesabu, na sisi tunaonunua mchicha kwa shilingi ndio tumebaki nayo.

Wale mabwana wawili wanaotajwa kwenye kiitikio, Wilson alikuwa waziri mkuu wa Labour, na Heath kiongozi wa Conservative aliyekuwa upinzani. Yaani kijembe kwa wote wawili, asibaki wa kucheka. Na zile peni juu ya macho ni desturi ya zamani ya kuwawekea maiti sarafu machoni. Mtoza kodi anawashauri wafu wasisahau kuzitaja. Siku moja nilimweleza mgeni mmoja mzee haya yote kati ya nyimbo mbili, akaniachia bakshishi nzuri sana. Sitaji kiasi, bendi nzima inasoma.

Ukitaka kuanza, anza na zenye karatasi nyuma yake. "Being for the Benefit of Mr. Kite!" karibu yote imenyofolewa kwenye bango la sarakasi la mwaka 1843 ambalo Lennon alilinunua dukani Sevenoaks, Kent. Mwenye sarakasi ile, Pablo Fanque, alikuwa mtu mweusi mzaliwa wa Norwich, jina lake hasa William Darby. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuniambia hilo. Mimi ndiye nawaambia.

Harusi nazo zina kisa chake. Maharusi wa ufukweni wanapenda sana "Every Breath You Take" ya The Police, ya 1983, wacheze dansi yao ya kwanza. Sting, mwimbaji wao, aliitunga ndoa yake ikiwa inavunjika, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ni habari ya wivu na kummiliki mtu, kumchunga kila anapokanyaga. Mama nilipomfasiria alisema huyo mwanamume ashtakiwe. Sasa mimi naipeleka wakati wa chakula, watu wanapotafuna kamba, na dansi ya kwanza nawapa kitu kingine. Wakiishikilia, naimba. Pesa si inaingia?

Wimbo ambao njia yangu haikuuweza ni "Bohemian Rhapsody" ya Queen. Uchungu unazidi kwa sababu mtunzi mwenyewe ni wa huku: Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, Wahindi wafuasi wa Zoroasta, na familia yake ikaondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Wageni wakisikia ile "Bismillah" katikati ya wimbo wa 1975 wananigeukia mimi, kana kwamba niliwahi kucheza naye gololi. Yeye hakuwa Mwislamu, na kisa hakukieleza mpaka anafariki 1991. Mimi naamini neno lile lilimwingia Unguja, maana huwezi kukulia Mji Mkongwe usilisikie, lakini hiyo ni imani yangu. Nawaambia alikozaliwa, naacha hapo.

Mpiga besi hajashawishika. Juzi nilimletea kisa cha "Lucy in the Sky with Diamonds": Julian, mtoto wa Lennon, alirudi shuleni na mchoro wa mwenzake Lucy O'Donnell, akamwambia babake kwamba huyo ni Lucy angani na almasi. Lennon alikishikilia kisa hicho maisha yake yote. Mpiga besi akasikiliza mpaka mwisho, akakaza waya wa gitaa lake, akaniuliza: "Na huyo mtoto, almasi alitumwa na nani?"