Kumbukumbu ya mfarishi wa kanga: kutafuta majina kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa

Hadi mwisho wa mwezi uliopita, mfarishi wangu ulikuwa umekaa kapuni miezi mitatu, ukiwa na viraka 61 vilivyokwisha kukatwa na kupigwa pasi, bila dalili yoyote ya kusonga mbele. Mpango wake si mgumu kuueleza: safu 12 za viraka 12, kila kiraka kikiwa na sentimita 15 kila upande baada ya kushonwa (nakata 17, ili sentimita moja ya kila ukingo imezwe na mshono), na katikati ya safu hizo ipite mikanda 3 yenye upana wa sentimita 10, ambayo itabeba majina ya kanga, yaani yale maneno yanayochapwa juu yake, yakiwa kamili, herufi hata moja isikatwe. Hesabu hiyo inanipa sentimita 180 kwa 210, ukubwa unaotosha kitanda cha futi tano kwa sita na kubakiza kidogo cha kuning'inia.

Viraka havikunisumbua sana, kwa sababu mafundi wawili wa mtaani kwetu hunihifadhia mabaki. Kilichonikwamisha ni majina. Fundi anayeshona gauni la kanga ama hulipitishia jina mkasi, ama huliacha zima likae mgongoni mwa mteja, na kwa vyovyote vile halimfikii mwokota mabaki kama mimi. Kwa kuwa kila mkanda unahitaji majina mawili, nilikuwa natafuta sita, na niliamua kuyafuata madukani. Shangazi yangu naye alikuwa na safari ya Mombasa kumwona binti yake aliyejifungua, tukaunganisha mambo: gari dogo, watu wawili, siku sita kwenda na kurudi.

Jumatano, Kariakoo

Nilianza Mtaa wa Uhuru siku moja kabla ya kuondoka. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na hakuna muuzaji aliyekubali kunigawia kimoja. Mwanzoni niliona ni hasara, kisha nikatambua kwamba ni faida kabisa: kipande kimoja nakikata, cha pili najifunga, na jina haliwi limepotea nyumbani.

Vipimo vyangu vya duka ni viwili. Cha kwanza ni cha moto: nachomoa uzi mmoja ukingoni, kwa idhini ya mwenye duka, natoka nao nje na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka kwa pumzi. Uzi wenye poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu kama mbegu ya mchicha. Cha pili ni cha wanga. Kanga mpya husimama kama karatasi kwa sababu ya wanga iliyotiwa kiwandani, na ukiisugua kati ya vidole juu ya nguo nyeusi utaona unga mweupe ukidondoka. Unga ukizidi, ujue kwamba nguo hiyo ikifuliwa mara mbili itabaki nyepesi kama chandarua, na kiraka chepesi kikishonwa ubavuni mwa kizito huvutwa na kufanya makunyanzi. Hiyo ndiyo sababu niliviacha vitenge nje ya mradi huu ingawa navipenda. Nilivijaribu katika safu ya kwanza nikalazimika kuifumua yote.

Kati ya doti tano nilizozipenda, mbili ziliishia kwenye mbegu ya mchicha. Nilinunua mbili, "Japo sipati tamaa sikati" na "Wema hauozi", kila moja kwa shilingi 15,000 baada ya maelewano marefu.

Alhamisi, Tanga

Kuhusu barabara sina mengi: Chalinze, Segera, machungwa ya Muheza, mashamba ya mkonge, takriban kilomita 350, na shangazi akilala kuanzia Mbwewe.

Tulifika Ngamiani alasiri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mafundi wa huku hawatupi mabaki, na kweli fundi wa kwanza niliyemwamkia alinyanyua kiroba kizima kutoka chini ya cherehani yake na kunitajia bei ya kiroba, si ya kipande. Tulikimwaga juu ya mkeka, mimi nikiwa na kipande cha kadibodi cha sentimita 17 mkononi, nikikiweka juu ya kila baki ili nione kama linatosha. Mengi yalikuwa ya mikono ya magauni, yenye umbo la mwezi mchanga, ambayo hutoa kiraka kimoja tu na kuacha pembe nyingi za kutupa. Nilipata viraka 52. Kwa hiyo nilikuwa na 113 kati ya 144, nikibakiza 31.

Dukani jirani nilinunua kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, ya kujazia nafasi zitakazobaki pembeni mwa majina, na yadi tano na nusu za marekani kwa ajili ya upande wa chini. Marekani bado inatangaza ilikotoka: ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Zanzibar katika karne ya 19, na jina la nchi likabaki kwenye nguo hata baada ya viwanda vingine kuanza kuifuma.

Ijumaa na Jumamosi, Mombasa

Kuvuka Horohoro hakukuchelewa, kwa kuwa karatasi za gari na bima ya kuvuka mpaka nilizishughulikia mapema. Kosa langu lilikuwa la saa: tulivuka kivuko cha Likoni na kufika mjini wakati wa sala ya Ijumaa, maduka yakiwa yamefungwa, nikampeleka shangazi kwa mzazi na kurudi kesho yake asubuhi.

Biashara Street inastahili siku nzima. Huku neno ni leso, na nikisema kanga wananitambua mara moja kwamba nimetoka ng'ambo ya mpaka. Hapa ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake hutambulika kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kitambaa chenyewe. Nje ya maduka wamekaa mafundi wenye cherehani, kazi yao ikiwa kukata doti na kupinda kingo mteja akiwa amesimama.

Katika duka jingine, mzee mmoja aliniuliza leso nne zote hizo ni za nani. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu viraka, nikitarajia anikaripie.

"Wataka kuikata leso?"

"Ndiyo, mzee, lakini jina silikati."

"Haya, basi wairudisha ilikotoka," alisema, akanisimulia yale ambayo wengi wa pwani wameyasikia: kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa vimeungana katika jora, wakakata sita, wakaviunga vitatu kwa vitatu, na kupata vazi moja kubwa, ndipo wafanyabiashara walipoona afadhali kuchapisha nguo nzima. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na maana yake ni kitambaa hicho hicho cha mkononi. Nilikuwa najua habari ya Wareno, lakini sikuwahi kuifikiria hesabu ya mishono: vazi la sita lina mshono mmoja tu, nami nilikuwa nasitasita mbele ya viraka 144 kana kwamba nafanya jambo geni.

Nilitoka na "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake", "Usisafirie nyota ya mwenzio", "Mgeni njoo mwenyeji apone" na "Hasidi hana sababu".

Jumapili hadi leo

Viraka 31 vilivyobaki nilivipata kwenye kisutu, kile chekundu, cheupe na cheusi cha maharusi, nilichokinunua njiani kwa muuzaji aliyeapa kwamba hakichuji. Nilimwamini, nikaacha kukijaribu kwa kukisugua na kitambaa cheupe kilicholoweshwa, jambo ambalo huchukua dakika moja. Nyumbani nilikiloweka katika beseni moja na marekani, na asubuhi marekani yote ilikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Niliweka chumvi kama tulivyofundishwa na mama zetu, nisione tofauti yoyote. Kilichosaidia ni kubadilisha maji baridi mara saba, hadi maji ya mwisho yakabaki meupe. Marekani imebaki na wekundu wa mbali upande mmoja, na kwa kuwa ni upande wa chini, nimeiacha.

Majina niliyapima yote kabla ya kuyakata. Jina la simba lina urefu wa sentimita 96, "Wema hauozi" lina 41 tu, kwa hiyo hayo mawili yamekaa mkanda mmoja, na sentimita 43 zilizobaki nimezigawa kwa vipande vitatu vya kaniki. Nimeyageuza ili msomaji ayasome akiwa amesimama miguuni pa kitanda, si aliyelala.

Katikati nimeamua kuweka blanketi kuukuu jepesi badala ya sufi, maana sufi hukimbilia pembeni na kwa joto la Dar es Salaam haihitajiki. Nimeshapiga bandi nusu ya kwanza. Pembe nne nitazimalizia kwa pembetatu za kitambaa kilichokunjwa, mtindo niliouona kwenye kawandi, mifarishi ya viraka ya wanawake wa Siddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika. Wao huanzia ukingoni na kushona kuelekea katikati, na pembetatu hizo huziita phula, yaani maua.

Shangazi alipouona mkanda wa pili, alilisoma jina, akavua miwani.

"Mwanangu, kitandani hakulazwi mafumbo. 'Hasidi hana sababu' atakayelala chini yake ni nani?"

Nilimwambia ni wangu mwenyewe. Akasema basi ndiyo vibaya zaidi. Nimelifumua, na doti nzima ameichukua yeye, akisema anaye mtu wa kuivalia. Viraka vimetimia 144, majina ni matano, na nafasi ya sita, ubavuni mwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", kwa sasa ina kipande cha kaniki cha sentimita 74 kilichoshikizwa kwa pini.