Kopo la dawa la mama mkwe

Mama mkwe wangu, hapa Pasua, mjini Moshi, ana sukari na presha. Kila akibadilishiwa dawa, zile za zamani hazitoki ndani. Zinaingia kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. "Mwanangu, dawa ni hela, haitupwi," ananiambia, na namwelewa. Mtu aliyenunua metformin, dawa ya sukari, kwa pesa ya kuuza ndizi hawezi kuiona taka.

Juzi tulikaa tukazimwaga zote juu ya kanga. Vibahasha vya karatasi vimeandikwa "1x3" kwa peni, basi: hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Kulikuwa na kipande cha amoxicillin, dawa ya kuua bakteria, cha vidonge vinne, kimekatwa kwa mkasi, na ile ncha yenye tarehe ya kuisha muda imebaki dukani. Hapo naumia kweli. Tunanunua nusu dozi kwa kuwa mfukoni kuna nusu ya hela, sawa, lakini kuandika jina na tarehe kwenye kibahasha kunamgharimu nini muuzaji?

Maana dawa za namna hiyo ndizo zinazoazimwa. Jirani anakuja na mtoto anakohoa, anapewa vile vinne. Vinne si dozi. Kikohozi chenyewe huenda ni cha virusi, ambavyo amoxicillin haiviui kabisa, huku bakteria wengine mwilini wakipata nafasi ya kuizoea. Usugu wa dawa unaanzia humo humo majumbani.

Kuzitupa nako mtaani kwetu ni chooni, au kwenye shimo la taka linalochomwa jioni. Majitaka ya mfumo wa mji wetu yanaishia kwenye mabwawa ya Mabogini, na huko watu wanalima mpunga. Mabwawa hayo hayakujengwa kwa ajili ya kuondoa dawa kwenye maji. Moto wa shimoni nao ni mdogo. Dawa zinatakiwa kuteketezwa kwenye tanuru la joto kali, la sivyo unavuta moshi wenye sumu. Na kuku na watoto wanachakura shimo kabla halijawashwa.

Duka la dawa la kwanza nililouliza nizipeleke wapi nilijibiwa, "Mwaga tu chooni, dada." Wakati duka lenyewe dawa zikiisha muda linatakiwa kuzitenga, na ziteketezwe chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba! Duka la pili mfamasia alizipokea, akaziweka pamoja na za kwake zinazosubiri kuteketezwa. Kwa hiyo ulizeni, msikate tamaa kwa jibu la kwanza.

Ukikosa kabisa pa kuzipeleka, toa vidonge kwenye pakti bila kuvisaga, changanya na machicha ya kahawa au udongo ili mtu au mnyama asivitamani, funga kwenye mfuko imara, ndipo uweke kwenye taka zinazokwenda dampo. Futa jina la mgonjwa kwenye boksi. Dawa za saratani usizifanyie hivyo. Zirudishe hospitali zilikotoka.

Sindano za insulini ndizo zinanitia hofu zaidi, kwa sababu ya vijana wanaobeba taka zetu mikono mitupu. Za mama sasa zinaingia kwenye chupa ngumu ya sabuni yenye kifuniko cha kukaza. Ikikaribia kujaa naibeba siku yake ya kliniki, naikabidhi kwa nesi.