Friji la bia limefungwa, mgombea hana mwenza

Jumamosi nimetoka bandarini Cristóbal kama saa nane mchana, nimepeleka mboga na maji kwenye meli mbili, shati limeganda chumvi, nikapitia kwa chino. Huku Colón, Panama, duka la mtaani ni la Mchina na wenyewe wanaliita chino tu kama sisi tunavyosema kwa Mangi. Nakuta friji la bia limezungushiwa nailoni nyeusi na mnyororo juu. Ley seca, ananiambia. Kuanzia Jumamosi saa sita mchana mpaka Jumatatu saa sita hamna kuuza pombe, kisa Jumapili tarehe 5 Mei 2024 kuna uchaguzi wa rais. Nimechelewa masaa mawili. Jamani nimetoka Tanga, nimeona chaguzi ngapi, mabango mpaka kwenye minazi, lakini kufungiwa glosari kisa watu wanapiga kura hiyo sikuwahi kuikuta.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe akanicheka, akanimiminia glasi ya saril na barafu. Wadau, saril ni choya ile ile tunayoijua, na tangawizi ndani. Na jikoni kulikuwa na wali wa nazi na mbaazi, huku wanaziita guandú na wanazipika humo humo kwenye wali. Babu yake alitoka Barbados kuja kuchimba mfereji wa wazungu na mimi nimekuja na meli miaka mia baadae, tunakula sahani moja. Hasira zikapungua kidogo, si zote.

Sasa ndo akaanza kunipa stori ya uchaguzi wenyewe maana mimi kura sina, nina kibali cha ndoa tu. Kuna bwana anaitwa Ricardo Martinelli, tajiri wa supamaketi, alikuwa rais 2009 mpaka 2014. Katiba ya Panama ukimaliza miaka yako mitano unakaa pembeni vipindi viwili ndo urudi, kwahiyo zamu yake ilikuwa imefika, na kura za maoni alikuwa anaongoza. Ila 2023 mahakama ikamtia hatiani kutakatisha pesa, miaka 10 na miezi nane. Februari hii rufaa yake ikagonga mwamba, akakimbilia ubalozi wa Nicaragua na mbwa wake Bruno, akawa anatuma video humo ndani kama yuko likizo. Machi mahakama ya uchaguzi ikamfuta.

Mwenza wake alikuwa José Raúl Mulino, waziri wake wa zamani wa usalama. Ndo akapandishwa kuwa mgombea. Na yeye mwenza wake nani? Hamna. Namuuliza mama mkwe mara tatu, hamna mtu, peke yake kama mwari asiye na kungwi. Watu wakaenda mahakama ya juu kusema hii haiwezekani, majaji wakakaa nayo mpaka Ijumaa tarehe 3 Mei, siku mbili kabla ya kura, wakasema agombee tu.

Nikamkumbusha mke wangu ya kwetu 2005. Mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura, uchaguzi wa rais wote ukasogezwa kutoka 30 Oktoba mpaka 14 Desemba. Nchi nzima ilisubiri kwa ajili ya mwenza! Huku mkubwa kakimbia, mwenza kawa mkubwa, nafasi ya mwenza ikabaki tupu, na foleni ya kura ikaenda kama kawaida. Na sisi tuliokuwa tunasema mwenza ni pambo la bango, Machi 2021 tulijionea wenyewe nani aliapishwa.

Wengine walikuwa na wenza wao wa maana tu. Martín Torrijos, mtoto wa jenerali Omar Torrijos, yule aliyesaini na rais Carter wa Marekani mfereji urudi kwa Panama, alimchukua Rosario Turner aliyekuwa waziri wa afya. Rómulo Roux akambeba José Isabel Blandón, meya wa zamani wa jiji la Panama. Haikusaidia. Jumapili nimebeba kiti cha mama mkwe mpaka shuleni anapopigia kura, nikasimama getini juani, jioni ile ile mkuu wa mahakama ya uchaguzi anampigia mshindi simu, laivu kwenye TV. Mulino asilimia 34, Ricardo Lombana wa pili na 25 hivi. Hamna raundi ya pili huku, ukiongoza hata kwa hiyo umeshinda. Na makamu wa rais aliyekuwa madarakani wakati huo, José Gabriel Carrizo, naye alikuwa anagombea, kapata kama asilimia 6. Makamu wa rais, chama tawala, asilimia 6, matokeo jioni, na intaneti inafanya kazi. Naacha hapo, nina ndugu huko.

Mama mkwe kampa Mulino. Nikamwambia lakini mama, yule bosi wake si kahukumiwa? Akasema wote wanaiba, yule aliiba treni ikaja, na kweli metro ya jiji ilianza 2014 na nauli senti 35. Anataka chen chen, yaani hela mfukoni, ndo kampeni yenyewe ilikuwa hiyo. Simlaumu sana. Mwaka jana, 2023, mvua imegoma, ziwa Gatún linalolisha mfereji likashuka, meli za kupita kwa siku zikapunguzwa kutoka thelathini na kitu mpaka meli 22 mwezi Desemba, na mimi nalipwa kwa safari ya melini. Kodi ya nyumba haikupunguzwa hata senti. Mnaoniona napost picha ya mfereji mkadhani naogelea dola, hizo dola ndo hela ya hapa, unazipata kwa dola na unazimaliza kwa dola.

Na wewe binamu unayenitumia voisi kwamba kuna wakala atakufikisha Brazil halafu upande mdogo mdogo mpaka Marekani, sikiliza. Njia hiyo inapita msitu wa Darién, mpakani mwa Colombia na Panama, unatokea huku kwetu kwa miguu kama unatokea. Mwaka jana wamepita zaidi ya laki tano, na huyu Mulino kaahidi kuufunga. Hata asipoufunga, usije. Kama unataka ughaibuni tafuta cheti cha ubaharia, jifunze Kihispania japo cha kuomba maji, upite mlangoni.

Leo Jumatatu saa sita kasoro dakika tano tulikuwa wanaume tisa mbele ya friji la chino tunamtazama anatafuta ufunguo. Hakuna aliyetaja uchaguzi. Mnyororo ulipoanguka mmoja akapiga makofi.

Bia ilikuwa ya moto, friji kalizima tangu Jumamosi kubana umeme.