Bao la Mama Mkwe

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayetoka Tabata alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni, siku tano na nusu kwa wiki, hapaswi kuulizwa anafanya nini wakati wa mapumziko. Anapumzika, basi. Jumapili yangu ilikuwa ya kochi, rimoti na gazeti. Mke wangu alikuwa na kikundi chake cha kina mama, binti yetu wa kwanza alikuwa na simu ya mama yake, mdogo wake wa kiume alikuwa uwanjani na wenzake, na kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, alizunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule akitafuta mtu wa kumsikiliza. Hatukuwa na ugomvi wowote. Tuliishi kama wapangaji wenye adabu wanaotumia mlango mmoja.

Sisemi kwamba sikujaribu. Kuna mwezi mzima tulikwenda ufukweni kila Jumapili, mpaka nilipopiga hesabu ya nauli, soda na chipsi za watu watano nikaona kwamba furaha hiyo ingekula ada ya shule. Tukahamia kwenye kilimo cha mchicha katika viroba nyuma ya nyumba, nami nikajikuta nimegeuka msimamizi wa shamba: huyu hajamwagilia, yule amekanyaga miche. Nikitazama nyuma, naona kwamba kasoro ya mipango yangu yote ilikuwa moja, nayo ni kwamba kila mara mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, mlipaji na refa. Mtoto hawezi kuupenda mchezo ambao baba yake hashindwi kamwe.

Mabadiliko yaliletwa na mtu ambaye sikumtarajia hata kidogo. Januari 2024, wakati wa mgao wa umeme, mama mkwe alikuja kutoka Pangani kutibiwa mtoto wa jicho. Ilikuwa akae wiki mbili. Tarehe ya upasuaji ikasogezwa mara moja, kisha mara ya pili, naye akakaa nasi karibu miezi mitatu. Wasomaji wa pwani wanaelewa heshima iliyopo kati ya mkwe na mkwe. Nikirudi kazini nilimwamkia, akaniitikia, nikamuuliza hali ya macho, kisha nikatafuta sababu ya kwenda uani. Kukaa naye mkeka mmoja nikapiga soga ni jambo ambalo halikunijia akilini.

Nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na bao la marehemu baba yangu, limeegemezwa ukutani, na kete zake zikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nililirithi pamoja na saa yake ya mkononi, na kusema kweli saa niliitunza zaidi. Jioni moja umeme ulikatika, mke wangu akawa anapapasa nyuma ya kabati kutafuta mishumaa, bao likaanguka kwa kishindo. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa yakiona ukungu tu, aliuliza kilichoanguka, akaletewa, akalipapasa shimo kwa shimo kwa vidole viwili. Kisha akaniuliza, "Baba, bao zuri hivi mmelifunga jela kwa kosa gani?"

Nilimjibu kwamba nyumbani hapakuwa na anayelijua. Mimi mwenyewe nilikulia kando ya baraza ambalo baba yangu na wenzake walicheza kila alasiri, lakini watoto tulifukuzwa, na nilipofikia umri wa kutofukuzwa nilikuwa nimeshakwenda bweni. Nilidhani kuwa mwanamke angekuwa mbali nalo zaidi, kwa kuwa barazani bao lilikuwa la wanaume. Kumbe yeye, alipokuwa msichana, aliuza vitumbua vya mama yake jirani na baraza la wacheza bao, na kwa kuwa muuza vitumbua hafukuzwi, alitazama miaka minne mfululizo. Usiku alicheza na kaka zake uani, kwa mashimo waliyochimba mchangani. "Walikuwa hawapendi kucheza na mimi," alisema, bila kueleza sababu, na wote tukaielewa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, kila mmoja na zake 32. Katika safu ya ndani, ile inayotazamana na ya mpinzani, kila upande una shimo moja lenye pembe nne liitwalo nyumba, na mchezo mkubwa huanza kwa kuweka kete sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Kete 22 zinazobaki mchezaji huzishika kama akiba, akiziingiza moja moja katika hatua iitwayo namua. Akiba ikiisha ndipo huingia hatua ya mtaji, ambapo mtu hucheza kwa kete zilizo ndani ya bao pekee. Mama mkwe hakuanza huko. Alitufundisha kwanza bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na hakuna anayeshika akiba. Unazoa kete za shimo lako, unazigawa moja moja, na ikiwa ya mwisho imeangukia shimo lako la ndani lenye kete, na shimo la mpinzani linalolitazama nalo lina kete, unazila hizo za mwenzako na kuzigawa upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya ndani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu inahama. Anayemalizwa kete zote za safu ya ndani, au anayekosa pa kucheza, ameshindwa.

Jambo linalonivutia hadi leo ni kwamba kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Katika drafti, tunayoicheza mitaani kwa vizibo vya soda, kizibo kilicholiwa huwekwa kando na ubao unazidi kuwa mtupu. Katika bao zile 64 huzunguka mpaka mwisho, zikihama tu kutoka kwa mwenye bahati mbaya kwenda kwa mwenzake, na mtu aliyebakiwa na kete chache huweza kuzoa shimo moja nono na kugeuza kila kitu. Kwa watoto hili ni jambo kubwa, kwa kuwa hakuna anayekaa nusu saa nzima akijua kwamba ameshashindwa.

Tatizo lilikuwa macho ya mwalimu wetu. Mwanga wa mshumaa haukumsaidia kitu, naye hakutaka kupapasa mashimo ya mpinzani, kwani aliona ni utovu wa adabu. Ndipo akamteua binti yangu, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja, awe macho yake. "Mke mwenzangu, shimo la tatu la huyo bwana lina ngapi?" Binti anajibu tano. "Na la nne?" Mbili. Kisha bibi ananyamaza, anazoa kete zake, anazipima kiganjani bila kuzihesabu, anazigawa kwa haraka ambayo vidole vyangu haviiwezi, anakula, anagawa tena, anakula tena, na mwishowe anamwuliza mjukuu kama kete ya mwisho imeangukia pale alipodhani. Karibu kila mara ilikuwa hapohapo. Nilikuja kufahamu kwamba uwezo huo wa kuubeba mchezo kichwani uliwahi kumfikisha Zanzibar mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, ambaye katika miaka ya 1990 aliwachunguza mabingwa wa huko. Sebuleni kwangu uchunguzi ulifanywa na mtoto wa darasa la tano, bila karatasi, na baada ya wiki tatu alianza kumjibu bibi yake kabla hajaulizwa.

Mwanangu wa kiume alivutwa na jambo jingine kabisa, nalo ni utani. Bibi yake alimwita mume wangu, kama ilivyo desturi yetu, na kila alipoishiwa katika shimo tupu alimwambia, "Mume wangu, umelala tena, na chakula hujaleta." Mtoto alicheka hadi akasahau hasira ya kushindwa, na Jumapili iliyofuata hakwenda uwanjani mpaka amalize mchezo mmoja. Mke wangu alichelewa kujiunga. Alisema alikuwa na kazi nyingi, na ilikuwa kweli, hadi tulipogawana vyombo na kufua ili naye awe na saa yake kwenye mkeka. Hapo niligundua kwamba kwa miaka yote niliyokuwa nikilalamika kuwa familia yangu haina burudani ya pamoja, mtu mmoja ndani ya familia hiyo hakuwa na muda wa ziada hata wa kuburudika peke yake. Sina la kujitetea hapo.

Kwangu mimi, shida ilikuwa ile heshima ya ukwe. Jioni za kwanza nilikaa kwenye kochi nikijidai kusoma. Lakini bao haliwezi kutazamwa kwa mbali kwa muda mrefu. Kila anayetazama anakuwa na ushauri, na siku moja nilijisahau nikasema kwa sauti kwamba kete za kulia zingeliwa. Mama mkwe akageuka upande wangu, akasema, "Anayejua aje akae." Nikavua viatu, nikakaa. Alinifunga mara tatu mfululizo, na kila mara aliniomba radhi kwa upole ambao uliniumiza kuliko dhihaka. Tangu siku hiyo tulikuwa na la kuzungumza. Kati ya zamu na zamu alinisimulia utoto wa mke wangu, na mara moja aliniambia kwamba hata Mwalimu Nyerere alipenda bao na alicheza na wazee kule Butiama, kwa hiyo nisione haya kushindwa na mzee. Sikuona uhusiano, ila nilifarijika.

Mwezi Machi, macho yakiwa yameshapona, kete moja ilipotea. Tulizihesabu mara nne tukapata 63. Kwa kuwa hakuna kete inayotoka mchezoni, moja ikikosekana hesabu zote zinayumba. Tulijaribu punje ya hindi ikawa nyepesi, tukajaribu kokoto ikawa inaonekana mno, na binti akalalamika kwamba mpinzani anaifuatilia kwa macho. Nilikwenda soko la vinyago la Mwenge nikaona mabao mengi ya kukunjwa, yamenakshiwa tembo na twiga, lakini niliyoyashika hayakuwa na nyumba ya pembe nne, na kete zake zilikuwa nyepesi mkononi. Huenda yanampendeza mgeni anayetaka kitu cha kuweka ukutani. Mama mkwe alipoyasikia alisema kete hazinunuliwi, zinaokotwa, na kwamba tungemsindikiza Pangani wakati wa likizo tungezipata bure.

Tulikwenda wakati wa Pasaka, watu sita, kwa basi hadi Tanga na gari dogo hadi Pangani. Kete zetu ni komwe, yaani mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba mikali kinachoota karibu na bahari. Maganda yake nayo yana miiba, na ndani yake hukaa mbegu za kijivu, laini kama zilizopakwa mafuta na ngumu kama jiwe. Huelea majini, kwa hiyo bahari huzichukua kutoka ufuo mmoja na kuzitupa ufuo mwingine. Asubuhi nzima watoto waliinama kando ya vichaka na kwenye mstari wa takataka ambao maji yalikuwa yameuacha, wakiokota, wakizipima mkononi na kuzitupa zilizopasuka, huku bibi yao akiwa amekaa kivulini akizipokea moja moja na kuzikataa kwa ukali wa karani wa forodha. Nilichanwa mikono yote miwili. Tulirudi na komwe 19, ingawa tulihitaji moja tu, na siku hiyo hakuna aliyeuliza saa wala aliyetaka simu.

Mama mkwe alibaki kwake. Sasa tunacheza Jumatano usiku na Jumapili baada ya chakula cha mchana, na tumeshahamia mchezo mkubwa wenye namua, ambao mimi bado unanichanganya, hasa pale mtu anapofika nyumbani kwake na kulazimika kuamua kama asimame au aende safari na kete zote zilizomo. Binti huenda safari kila mara. Mama yake husimama. Mwaka huu binti amenifunga mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu, naye ameanza kumpigia bibi yake simu na kumsomea mashimo yote 32, safu kwa safu, ili waamue pamoja atakavyonimaliza zamu inayofuata. Nimepinga kwamba huo si uungwana. Bibi amejibu kwa spika kwamba mbona yeye alipokuwa haoni nilimruhusu kutumia macho ya mwenzake.

Ile kete iliyopotea ilionekana mwezi Juni, ndani ya soksi ya kitinda mimba. Alipoulizwa alieleza kwamba aliichukua ili watu wasianze kucheza kabla hajaamka usingizi wa mchana. Tumemrudishia, na sasa yeye ndiye anayetunza kopo lote.