Siku moja maishani mwangu: mtu wa makadirio

Saa 2 asubuhi. Watu wakisikia napanga mizigo wanadhani nashinda ghalani nabeba maboksi. Hapana, kazi yangu ni kukadiria wateja watataka nini, kiasi gani, wiki gani, ili oda iende kwa sapulaya mapema, maana yeye anahitaji wiki kadhaa na mteja hataki kusubiri hata kesho. Nikikadiria juu mzigo unalala na hela za kampuni zinalala nao, nikikadiria chini simu zote zinanigeukia mimi. Nikipatia? Hakuna anayejua kama nipo.

Saa 3, kusafisha data. Kuna bidhaa inasoma sifuri wiki mbili mfululizo, programu inadhani watu wameichoka, kumbe stoku ilikata. Mauzo sio mahitaji jamani! Nisipoirekebisha mfumo unashusha makadirio, tunaagiza kidogo, inakata tena, sifuri zinazidi. Wiki ya ofa nayo naitoa pembeni isije ikahesabiwa kama ya kawaida.

Saa 5, kikao na watu wa mauzo, na hapa ndo siku inapoliwa. Meneja wao hajakaa vizuri kashaanza, "kaka ongeza asilimia 20 kote, tusije tukaishiwa." Kote! Namuuliza kuna mteja mpya? Kuna ofa inakuja? Anasema soko limechangamka. Sasa soko limechangamka naliandika kwenye safu gani? Namuelewa lakini, yeye anapimwa kwa mauzo, rafu ikiwa tupu anaumia yeye, mzigo ukilala anaumia mwingine, kwahiyo kuongeza hakumgharimu yeye kitu. Hajamaliza, anataka na kiwango cha upatikanaji, yani uwezekano wa stoku kutoisha kabla mzigo mpya haujafika, kitoke asilimia 95 kiende 99, eti ni 4 tu hizo. Nikaenda ubaoni. Kama makosa ya makadirio yanatawanyika kikawaida, yani mengi madogo, makubwa machache, juu na chini sawa, basi stoku ya akiba, ule mzigo wa ziada wa kujikinga nikikosea, unaipata kwa kuzidisha kipimo cha mtawanyiko wa makosa hayo, na kizidisho kwa 95 ni 1.65, kwa 99 ni 2.33, yani akiba inapanda kama asilimia 41 na ghala ni lilelile. Mtu wa fedha aliyekuwa anachezea simu muda wote ndo akainua kichwa.

Tukahamia kwenye ripoti ya usafirishaji, mzigo kufika kwa wakati asilimia 95, kufika kamili asilimia 95, watu wanapongezana. Nikasema subirini, mteja anataka vyote viwili kwa oda moja, na kama hayo mawili hayategemeani ukizidisha unapata kama 90, yani oda moja kati ya kumi ina kasoro. Kimya. Sipendwi sana kwenye vikao mimi.

Chakula nimekula sijui saa ngapi, mbele ya kompyuta.

Mchana wote uliobaki ni kitu ninachojivunia kweli, fomu ya mabadiliko. Anayetaka kugusa namba anaigusa, ila anaandika jina, bidhaa na sababu, na mwisho wa mwezi namba yake inashindanishwa na makadirio ya kivivu kabisa, kwamba mwezi huu utauza kama uliopita. Ukishindwa na hayo, bora usingegusa. Na siangalii ukubwa wa kosa tu, naangalia na upande. Anayekosea mara juu mara chini namwekea akiba mambo yanaenda, ila anayekosea juu kila mwezi huyo hakosei, anajihami, na nikiongeza akiba juu ya kujihami kwake tunalipia hofu ileile mara mbili.

Jioni macho yanauma, ujumbe unaingia, "kaka ile 20 umeweka?" Nikamjibu fomu iko wazi, jaza bidhaa moja moja. Kajaza tatu tu, ile kote imeyeyuka. Mbili kaandika soko limechangamka, nimezirudisha. Ya tatu mteja wake anafungua matawi mapya na tarehe kaziweka, hiyo nimeipandisha palepale, tena zaidi ya 20 aliyoomba.